Siku ya Akiba

Maganzo, mji wa almasi, ni mji wa kutazama chini. Mtoto wa hapa anajua kuchekecha kabla hajajua kuendesha baiskeli, na akiokota kijiwe njiani hukigeuzageuza juani kwanza ndipo akitupe. Dukani kwangu nauza sululu, beleshi, karai na chekeche. Mteja akikagua wavu wa chekeche huinamisha shingo vilevile anavyoiinamisha shimoni. Mbele ya duka inapita barabara kuu ya Mwanza na Shinyanga, lakini wengi wetu tunaishika kwa sababu chache zinazojulikana: msiba, hospitali, shule, riziki. Ukisema unasafiri ili ukaangalie milima, watu watakuuliza kwa upole ni nani anaumwa huko.

Kwa hiyo Baba aliponiambia haja yake, sikuielewa mara moja.

Baba alianza kazi kama utingo, baadaye akawa dereva wa lori. Kuanzia 1978 hadi 1994 alipakia marobota ya pamba huku kwetu Usukumani na mara nyingi akarudi na saruji kutoka Tanga. Miaka hiyo yote alipita chini ya milima ya Usambara. Pale Mombo, kwenye njia panda ya Lushoto, alikunywa chai, akajaza maji kwenye rejeta, akaendelea na safari. Hakuwahi kukata ile kona hata mara moja. Mzigo una saa zake na tajiri ana hesabu zake. Jioni moja mwaka 2023, tukiwa tumekaa nje baada ya chakula, akasema, "Mwanangu, ule mlima nimeutazama kwa chini miaka kumi na sita. Nataka siku moja nisimame juu yake niitazame barabara."

Nilifurahi, nikachukua daftari. Nilipanga safari ile kama ninavyoagiza mzigo wa duka. Kutoka Maganzo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo elfu moja: Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Katesh, Babati, Arusha, Moshi, Same, Mombo, kisha kupanda. Nikagawa kwa mwendo wa gari, nikapata siku mbili. Kulala Arusha, kesho yake Lushoto, siku ya tatu kutembea kidogo, siku ya nne kugeuza. Nilihesabu lita za mafuta na bei ya gesti. Niliona mpango wangu hauna pengo, na nikadhani kutokuwa na pengo ndiko kupanga vizuri.

Tuliondoka Julai, saa kumi alfajiri, mimi, Baba na Mama. Bonde la Wembere tulilivuka nikiwa na macho kwenye saa. Mlima Sekenke tuliupanda nyuma ya malori mawili nikinung'unika. Singida nilisimama dakika za kununua soda. Katesh, chini ya mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, Mama aliomba tusimame anyooshe magoti. Nikamwambia, "Mama, tukifika Babati." Tukaingia Arusha saa tatu usiku, Mama akashuka garini akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na shughuli ndogo ya vipuri mjini. Shughuli ndogo ikala nusu siku. Kilimanjaro ulikuwa umejifunika tulipopita Moshi. Jua lilituchwea Same, na Mombo tulifika giza limeshaingia. Nilikuwa nimelipia chumba Lushoto, kwa hiyo nikakata kona na kuanza kupanda usiku.

Barabara ile ina kilomita 33, nyembamba, imekumbatia ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Chini mto unanguruma. Taa za gari zilimulika ukungu, na ukungu ukaturudishia mwanga machoni. Mama alisali kwa sauti ya chini tangu kona ya kwanza hadi ya mwisho. Baba hakusema kitu, ila mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo upande wake. Tulifika. Asubuhi tukaenda Irente, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na mtu huona nyika yote chini. Tukakuta ukuta mweupe. Tulisimama kama saa nzima tukitetemeka, sisi watu wa jua la Shinyanga tusio na masweta, hatukuona hata mti wa pili mbele yetu. Alasiri nikapigiwa simu ya jambo la haraka dukani. Sikuwa na siku ya kuongeza. Alfajiri iliyofuata tukateremka.

"Ahsante, baba," Baba aliniambia tulipofika nyumbani. "Tumefika."

Wiki ile ile jirani alimuuliza mbele yangu, Lushoto kukoje. Baba hakutaka kunivunjia heshima, akatafuta maneno. "Nimesikia maji yake," akasema, "na baridi yake nimeisikia. Kuona, bado."

Lile neno lilikaa nami. Kisha tarehe 3 Desemba mwaka huohuo redio ikatangaza maporomoko ya Hanang. Tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani baada ya mvua kubwa, yakapita Jorodom, Gendabi na Katesh penyewe. Zaidi ya watu 80 walikufa. Tulikaa kimya sebuleni. Mama akasema, "Si pale nilipotaka kushuka?" Nilijaribu kuukumbuka mlima ule ulivyokaa, soko lilivyokuwa, sura ya mtu hata mmoja wa Katesh. Sikuwa na kitu. Nilikuwa nimepita ubavuni mwa watu wale nikiwa na namba tu kichwani, kilomita zilizobaki hadi Babati.

Nikamwomba Baba turudi, na safari hii apange yeye.

Alichukua muda wake. Kwanza alinifunza kwamba safari ya kutazama haipangwi kuanzia nyumbani. Unaanza mwisho, pale unapotaka macho yako yafanye kazi, na unauliza jua litakuwa wapi. Kisha unarudi nyuma kituo kwa kituo hadi mlangoni kwako. "Ule mlima tuupande saa ngapi?" akaniuliza. Nikasema saa tatu asubuhi. "Basi usiku wake tunalala Mombo. Ili tulale Mombo bila kukimbia, usiku wa kabla tunalala Arusha. Ili tuingie Arusha na jua, tunalala Singida." Siku zangu mbili zikawa nne, na daftari halikuwa na kilomita hata moja ndani yake. Lilikuwa na asubuhi, adhuhuri na alasiri.

Pili, aliweka sheria ya kutoendesha baada ya Magharibi. Kwenye malori alizika wenzake wengi, na karibu wote, alisema, walikuwa wanawahi.

Tatu, alichagua mwezi. Julai ni kipupwe, na Usambara ikivaa ukungu huweza kushinda nao. Machi hadi Mei ni masika, na mvua ikizidi udongo wa kingo za barabara ile hushuka. Akasema Januari mwishoni, vuli ikishapita na masika hayajaingia, na matunda yakiwa mtini.

Nne, aliongeza siku moja isiyo na kazi yoyote. Nilipomuuliza ya nini, akanitazama kama utingo mgeni. "Tairi la akiba unalo?" Nikasema ninalo. "Siku ya akiba je?"

Mama alileta sheria zake. Kila baada ya saa mbili gari lisimame, pawe na choo na kivuli. Chakula cha njiani kitoke nyumbani: matobolwa ya viazi vitamu, karanga za kukaanga, kuku mmoja, chupa mbili za chai. Akaenda kwenye mitumba akatununulia masweta matatu mazito, tukayajaribu sebuleni mchana wa Maganzo huku jasho likitutiririka. Fedha tukazitia kwenye bahasha tatu: mafuta, malazi, dharura. Baba akakagua mafuta ya breki, jeki, spana ya tairi, kizima moto na vibao vya pembetatu.

Tuliondoka Januari 2025 asubuhi, jua likichungulia. Kwa mara ya kwanza niliona mkoa wangu nikiwa nautoka. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati watu walipokuwa wakiiita sehemu hii jangwa, na dawa yake ilitoka kwetu wenyewe: ngitili, malisho yanayofungwa na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi, desturi ya Wasukuma ya tangu zamani. Baba alinionyesha vichaka vya migunga ambavyo enzi zake za lori vilikuwa udongo mtupu. Miaka yote nimeviona vichaka vile kama pori tu. Vilikuwa kazi ya mikono ya watu.

Wembere tuliivuka taratibu, mbuga nyeusi iliyonyooka hadi macho yachoke. Sekenke tulisimama mahali salama tukatazama tulikotoka. Pale Iramba ndipo Wajerumani walipochimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, vita vilipowakatia njia ya kuagiza fedha kwao, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikafuliwa kuwa sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake Kilimanjaro. Nilimsimulia Baba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi dhahabu hii iliuona Kilimanjaro kabla ya wachimbaji wake."

Tulilala Singida. Jioni tukakaa kando ya ziwa Singidani, kwenye mawe makubwa yaliyobaki na joto la mchana. Asubuhi tukashika njia ya Katesh, iliyokuwa vumbi na tope zama za Baba, mvua ikinyesha lori likikaa wiki nzima. Sasa ni lami. Katesh tulisimama kabla Mama hajaomba. Mlimani ile michirizi ya maporomoko ilikuwa bado inaonekana, kama makovu. Mama alinunua nyanya kwa mama mmoja sokoni, akampa pole ya mwaka na zaidi. Yule mama akaweka chini mizani, akamshika mkono, wakakaa hivyo. Hawakuulizana majina. Tuliondoka Katesh baada ya saa nzima, na saa ile hakuna aliyeidai.

Siku ya tatu tulitoka Arusha kungali na giza jembamba, kwa sababu Baba anajua tabia ya Kilimanjaro: asubuhi unajionyesha, jua likipanda unavuta mawingu. Moshi tuliupata mlima wote, kuanzia migomba hadi theluji ya Kibo kwenye mita 5,895. Mama alivua kitenge cha kichwani akajifunga upya, kama mtu anayeingia kwa mgeni wa heshima. Baada ya Himo ikaja milima ya Upare, mkono wetu wa kushoto, Mwanga, Same, Hedaru, na joto likarudi. Kisha mkonge, mistari kwa mistari. Zao hilo liliingizwa Tanga mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Baba aliwahi kubeba marobota ya katani. Aliyataja mashamba kama mtu anavyotaja shule alizosoma.

Mombo tulifika saa tisa alasiri. Badala ya kuondoka, tulikaa. Tulikunywa chai kwenye njia panda ileile, na Baba akageuza kiti chake kiangalie mlimani. Jua lilipokuwa linashuka, kuta za Usambara zilibadilika rangi, kahawia, nyekundu, zambarau, na nikaelewa kwamba hicho ndicho alichokuwa akikiona miaka yote huku rejeta ikipoa.

Asubuhi saa tatu tulikata kona.

Barabara ileile niliyoipanda gizani ilikuwa na kila kitu. Nyumba zilizoning'inia mlimani, matuta ya kabichi na karoti yaliyolimwa mahali ambapo mbuzi angefikiri mara mbili, watoto wa shule wakipanda kwa miguu bila kuhema. Malori ya mboga yalishuka polepole yakielekea masoko ya mijini. Baba alisikiliza injini zao akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia," akasema. "Breki ni ya kusimamia, si ya kushukia mlima." Soni tulishuka kwenye maporomoko ya maji, yale ambayo Julai tuliyasikia tu. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza plamu na pea alimsalimu Baba, "Onga maundo," Baba akamjibu, "Mwangaluka," kila mmoja kwa lugha ya kwao, na wote wawili wakacheka wakashikana mikono. Tulinunua ndoo nzima.

Lushoto yenyewe iko mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, zaidi ya Mombo kwa takriban mita elfu moja. Wajerumani waliipenda kwa ajili ya hewa yake, wakalikimbia joto la pwani, wakaiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Waingereza nao walipokuja wakapanda kupumzika. Mji ule ulijengwa kwa ajili ya watu waliokuwa na ruhusa ya kupumzika. Dereva wa lori hakuwa miongoni mwao, wala Msambaa aliyebeba mizigo yao kupanda mlima.

Kibarazani kwa mama aliyetupangisha chumba kulikuwa na makopo ya ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Ni ua la misitu ya Usambara. Mtawala wa Kijerumani wa Tanga, von Saint Paul, alilipeleka kwao miaka ya 1890, na leo linakaa kwenye madirisha ya watu duniani kote. Nikamwambia yule mama habari ya kwetu: kwamba Mwadui, jirani na Maganzo, Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, likawa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. "Ninyi mmeliona?" akauliza. Nikasema hapana. Akakata kijani kimoja, akakifunga kwenye gazeti lenye maji, akampa Mama. "Hili basi mkalione nyumbani."

Siku ya kwanza Irente kulikuwa na ukungu tena. Nilisimama pale kifua kikinibana. Safari mbili, kilomita zile zote, na ukuta uleule mweupe. Baba akafunga zipu ya sweta lake la mtumba. "Kesho ipo," akasema, na tukarudi kupitia shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, KKKT, tukanunua mkate na jibini, Mama akaonja jibini mara ya kwanza maishani mwake. Mchana tulilala. Jioni tulitembea sokoni bila kutafuta kitu. Ile ndiyo siku ya akiba, na sijui siku nyingine katika maisha yangu ya ukubwa ambayo nilikaa na wazazi wangu tangu asubuhi hadi usiku bila jambo la kukimbilia.

Kesho yake saa nne kukawa kweupe.

Ardhi inaishia miguuni pako pale Irente. Chini, mbali sana, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge kama kitambaa kilichoshonwa, kisha nyika isiyo na mwisho. Na katikati, uzi mmoja wa kijivu. Baba aliuona kabla yangu. Alinyoosha kidole, mkono ukitetemeka kidogo, na nadhani si kwa baridi.

"Pale," akasema. "Ule mti, halafu shoto kidogo. Mwaka 1986 ekseli ilinikatikia pale. Nililala chini ya lori siku tatu. Asubuhi nikifumbua macho, cha kwanza ninachokiona ni jabali hili tulilosimama. Nilikuwa najiuliza huku juu wanaona nini."

Mama akamuuliza, "Wanaona nini?"

Lori lilikuwa linapita, dogo kuliko punje ya mchele. Baba alilifuata kwa macho kutoka mwanzo wa uzi hadi mwisho wake, akichukua muda wote liliouchukua. "Wanamwona mtu anayefanya kazi," akasema.

Sikumwambia kwamba tungechelewa. Hatukuwa na pa kuchelewa.

Siku hizi Baba hukaa dukani kwangu asubuhi. Kile kijani kimeota kwenye kopo la rangi karibu na mizani. Vijana wakija kununua chekeche humuuliza habari za milima, na juzi mmoja aliyepata riziki yake alisema naye anataka kumpeleka mama yake Lushoto, akaanza kupiga hesabu ya kilomita kwenye simu. Baba akamwashiria aiweke chini, akamsogezea stuli.

"Kaa kwanza," akamwambia. "Unataka kuupanda ule mlima saa ngapi?"